Pilau ya oda, sufuria ya nyumbani na hesabu isiyotimia

Mama mmoja anayepika pilau za oda Temeke ana lalamiko analolirudia miaka nenda rudi, na ukikaa jikoni kwake robo saa utalisikia. Mteja, anasema, hafiki kuulizia sahani ya sikukuu mikono mitupu. Anafika na bei ya mchele kichwani. Anajua kilo ni shilingi ngapi Tandale, anajua buchani wanapimaje, anapiga hesabu palepale mlangoni, kisha anatamka kwamba anaibiwa. Tena hatamki kwa siri. Anatamka mbele ya wateja wengine.

Lalamiko hilo ndilo kiini cha biashara nzima ya chakula cha sikukuu jijini Dar es Salaam, iwe Idi, Krismasi au Mwaka Mpya. Mshindani wa mpishi wa oda si mpishi mwenzake wa mtaa wa pili. Ni sufuria iliyoko kabatini kwa mteja mwenyewe.

Basi tupige hesabu, maana ugomvi unaanzia hapo. Bei hupishana soko kwa soko na wiki kwa wiki, kwa hiyo hizi ni za kukadiria tu. Familia inayotaka kulisha watu 20 inahitaji mchele kilo 3 na nyama kilo 2, na hapo ni kwa wasioogopa maneno ya wageni. Tuchukulie mchele ni shilingi 3,000 kwa kilo na nyama mchanganyiko 12,000. Tayari ni 33,000. Mafuta nusu lita, vitunguu maji, viazi, kitunguu swaumu, tangawizi na viungo vyenyewe, tuweke 11,500. Kachumbari 4,000, mkaa 3,000. Jumla 51,500, yaani kila sahani ni chini kidogo ya 2,600. Sasa tuseme mpishi wa oda anaitoza sahani hiyo hiyo 5,000. Watu 20 ni laki moja. Tofauti ni 48,500, na kwa kaya nyingi za Temeke, Buguruni au Mbagala hiyo ni nguo ya sikukuu ya mtoto mmoja na viatu juu.

Ukiishia hapo, mteja ameshinda kesi. Mama wa Temeke hakubali iishie hapo.

Anaanza na usiku. Pilau inayofika mezani saa sita mchana wa sikukuu huanza kumenywa vitunguu jana yake baada ya Isha. Kuna wasichana wawili wanaomsaidia, na usiku wa sikukuu hawaji kwa ujira wa siku za kawaida kwa sababu na kwao kuna sikukuu. Kuna masufuria makubwa ya kukodi, ambayo wiki ile yanagombewa na kila mwenye shughuli. Kuna vifungashio. Kuna bodaboda ambaye asubuhi ya Idi hutaja nauli anayojisikia. Kuna masinia ambayo mteja huchukua kwa ahadi ya kuyarudisha jioni na ambayo, anadai, hurudi baada ya mwezi yakiwa yamepinda, au hayarudi kabisa. Halafu kuna watoto wa mtaa. Huwezi kupika pilau ya watu 200 uani, harufu ikasambaa hadi barabarani, kisha ukawafungia mlango watoto wa majirani siku ya sikukuu. Sahani hizo hazina wa kuzilipia.

Kwa hesabu yake, katika kila sahani ya 5,000 vyakula peke yake hula nusu, na nusu inayobaki hugawanywa na watu wengi kabla haijamfikia yeye. Ni kiasi gani hasa kinamfikia? Hapo maelezo yake huanza kuwa mafupi. Hana daftari. Ana kumbukumbu, ambayo ni nzuri sana kwa wanaompa pole na dhaifu kidogo kwa wanaomuuliza faida. Ninamwamini kuhusu masinia; kuhusu faida kuwa ndogo kiasi anachosema, ningependa kuona karatasi.

Lakini hoja yake kuu inasimama hata bila daftari: mteja anahesabu mchele na nyama, hajihesabu mwenyewe. Ile 51,500 ya nyumbani haina ujira wa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, na katika nyumba zetu mtu huyo tunamjua ni nani. Ni mama mwenye nyumba, dada wa kazi, au mkwe aliyefika juzi na bado anaogopa kukataa. Siku ya Idi wanaume wamerudi kutoka kuswali na wamekaa barazani, wageni wanapokewa, na yule aliyepika anakula wa mwisho, nguo mpya ikiwa bado imekunjwa. Mumewe akisema kupika nyumbani ni nusu ya bei anasema kweli, kwa sababu nusu ya pili hailipi yeye.

Wapo ambao hesabu inawageukia. Mpangaji wa chumba kimoja na mwenzake, watu wawili, hawawezi kununua vitu kwa wingi. Nusu kilo ya mchele, nusu kilo ya nyama, mafuta ya kupimiwa, viungo vya vipakiti na mkaa wa kopo vitawafikisha kama 15,000 kwa bei zile zile, ilhali sahani mbili za oda ni 10,000. Kweli, atakayepika atabaki na kiporo cha kesho, na kiporo cha pilau kina wapenzi wake. Hata hivyo ni wapangaji kama hawa, pamoja na wafanyakazi wa zamu, ambao wapishi niliozungumza nao wanawataja kuwa wateja wasio na maneno. Wanaagiza kwa simu, wanalipa kwa simu, hawaulizi nyama ya bucha gani.

Kati ya makundi hayo mawili kuna familia zinazokata shauri nusu kwa nusu, na pengine ndizo nyingi: pilau inapikwa nyumbani, vinavyochosha mikono vinanunuliwa. Chapati ni mfano mzuri. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati 10 hadi 12, na gharama ya vitu vyake si ya kutisha. Kinachotisha ni kusukuma 60 za wageni na kusimama juu ya chuma cha moto mpaka zitimie. Sambusa ni hivyo hivyo. Manda tu yanatosha kumfukuza mtu jikoni. Ndiyo maana kwenye vitafunwa mnunuzi habishani sana na bei, na wapishi wajanja wamegundua kwamba faida ya sikukuu iko kwenye sambusa na keki kuliko kwenye pilau. Tatizo la vitafunwa ni kwamba vinaegemea ngano na mafuta, na Tanzania huagiza sehemu kubwa sana ya ngano yake kutoka nje, pamoja na kiasi kikubwa cha mafuta ya kula. Mchele unalimwa Kyela, Kilombero na Shinyanga. Bei ya unga inaanzia bandarini.

Ofisa mmoja anayefuatilia mwenendo wa bei, aliyeomba asitajwe, haoni sababu ya kelele zote hizi. Mfumuko wa bei, anakumbusha, umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa muda sasa, ndani ya lengo la taifa la asilimia 3 hadi 5. Chakula kipo cha kutosha. Anayepandisha bei kwa kisingizio cha sikukuu ana tamaa tu.

Ile asilimia 3 ni ya kweli kwa kile inachokipima. Lakini ni wastani wa bidhaa na huduma nyingi, na hutolewa kwa mwezi, wakati moto wa bei ya sikukuu huwaka siku nne au tano kisha ukazimika. Kitunguu kikipanda Ijumaa na kushuka Jumatano, takwimu ya mwezi itakitazama kama mtu anayepita kwenye basi. Kuna jambo lingine. Katika kapu la kupimia bei, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa kama asilimia 28, huku migahawa na malazi vikiwa na kama asilimia 6 na ushei katika kundi lao la peke yao. Sahani ya mama wa Temeke, inayouzwa kwa simu, mara mbili tatu kwa mwaka, bila risiti, haina pa kukaa vizuri kwenye kundi lolote kati ya hayo.

Nilipomkumbusha ofisa huyo habari ya sukari, alicheka. Mwanzoni mwa 2024 ilitangazwa bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa, na watu wakaendelea kununua kwa 4,000 na zaidi, Ramadhani ikibisha hodi. Waliokuwa na oda za kaimati na keki walikuwa wameshataja bei kwa wateja. Bei elekezi iliwaelekeza kwenye hasara.

Kwenye kodi, mambo ni ya upande mmoja na husemwa mara chache. Mchele, nyama na nyanya anazonunua mpishi wa nyumbani ni vyakula visivyosindikwa, na havina kodi ya ongezeko la thamani. Mgahawa uliosajiliwa huongeza asilimia 18 juu ya sahani. Mpishi wa oda wa mtaani hafiki kwenye kiwango cha kulazimika kujisajili, ambacho tangu Julai 2023 ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kwa hiyo yeye hutoza bei ya katikati, na wenye migahawa wanalalamika chinichini kwamba mashindano si ya haki. Mama wa Temeke, akiambiwa hivyo, huuliza kama wenye migahawa nao hulisha watoto wa mtaa bure.

Nishati nayo ina siasa zake. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na maofisa wanapenda kusema kwamba gesi itapunguza gharama za wapishi. Kwa sufuria ya nyumbani inawezekana. Kwa sufuria ya kilo 20 za mchele wapishi wanasita, na sababu yao si ukaidi. Pilau hupaliwa makaa juu ya mfuniko ili ikauke na kuiva juu na chini; mtungi wa gesi hauna makaa ya kupalia. Wachache wametafuta njia nyingine, kama moto mdogo na mifuniko mizito. Wengine wana mtungi wa kuonyesha na gunia la mkaa la kupikia.

Kinachowakosesha usingizi wapishi wa Idi, hata hivyo, ni mwezi. Ramadhani ni siku 29 au 30, na hakuna ajuaye mpaka mwezi uandame au ushindwe kuonekana. Mpishi mwenye oda za sahani 200 hana budi kuamua kama anunue nyama ya leo au ya kesho kabla ya tangazo la usiku. Akinunua na mwezi usionekane, analipia friji ya mtu. Asiponunua na ukaonekana, anaamkia foleni ya bucha pamoja na jiji zima, kwa bei ya foleni. Mwaka 2025 wapo walioswali Idi Jumapili ya Machi 30, na walio wengi Jumatatu ya Machi 31. Kwa mpishi hiyo ilimaanisha sufuria mbili, siku mbili, na wasaidizi wale wale wakilipwa mara mbili. Ndiyo maana advansi ya nusu bei imekuwa sharti. Wateja wanaiona kama kutoaminiwa. Nadhani ni bima ya bei rahisi kwa pande zote mbili, ingawa siku moja mpishi akila advansi na kuzima simu nitalazimika kuyarudia maneno haya kwa sauti ya chini.

Krismasi haina tatizo la mwezi ila ina lake: wateja huondoka. Desemba mabasi ya Kilimanjaro yanajaa, na familia ambazo zingeagiza sahani 30 Kimara zinachinja mbuzi Rombo. Wanaobaki jijini wanaagiza kidogo na kwa uangalifu, Januari ikiwa inawasubiri na ada za shule. Wapishi kadhaa wananiambia Idi moja huwalipa kuliko Krismasi na Mwaka Mpya kwa pamoja. Sina njia ya kulithibitisha hilo, lakini hakuna aliyenipinga.

Mbele kukoje? Inategemea kalenda kuliko sera. Idi el-Fitri hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Kwa sasa inaangukia Machi, wakati mchele wa msimu uliopita umepungua, mavuno mapya bado yako shambani na masika yanaharibu barabara na vitunguu. Miaka michache ijayo itasogea Februari, kisha Januari, na mwaka 2033 kalenda inaonyesha Idi el-Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine siku chache kabla ya Krismasi. Kwa wanaopika nyumbani huenda zikawa gharama mbili zinazogongana kwenye mfuko mmoja. Kwa wapishi wa oda huenda ukawa msimu mmoja mnene wa wiki mbili, kama wateja hawatakuwa wamepanda basi, na kama bei ya ngano bandarini itawaruhusu.

Nilimweleza mama wa Temeke habari hiyo nikidhani itamfurahisha. Alisema 2033 ataifikiria akishapata masinia mawili ya Idi iliyopita, na akaniuliza kama ninamfahamu mwenye nyumba ile ya kona.