Kwa Nini Muuguzi Hutazama Kwanza Kabla ya Kutoa Dawa

Mara nyingi manung'uniko husikika katika baraza za zahanati. Mama ametoka nyumbani alfajiri, amembeba mtoto mgongoni, amengoja zamu yake kwa saburi. Kisha muuguzi, badala ya kutoa dawa, anamfunua mtoto kifua na kukitazama kimya, saa mkononi. Dakika nzima yapita. Mama hujiuliza moyoni, "Je, huyu ameajiriwa kutazama watu tu?" Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu.

Mtu mzima akiugua husema, "Naumwa hapa." Mtoto mchanga hana maneno, ana kilio tu, na kilio cha njaa hufanana na kilio cha maumivu. Kwa hiyo mwili wake ndio usemao, na yapasa awepo mtu aliyefundishwa kuusoma.

Kwanza muuguzi hutafuta dalili za hatari. Atamwuliza mama: Je, mtoto aweza kunyonya au kunywa? Je, hutapika kila kitu anachopewa? Je, amepatwa na degedege katika ugonjwa huu? Kisha atatazama mwenyewe kama mtoto amelegea mno au amezimia. Dalili moja tu ikiwapo, mtoto huyo hangoji zamu. Hutangulizwa mbele ya wote, wala watu wasidhani kwamba ni upendeleo. Utaratibu huu ulitungwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990, nao watumika Kenya na katika nchi nyingine nyingi.

Pili, mtoto akiwa na kikohozi, pumzi zake huhesabiwa kwa dakika moja kamili. Hapana budi awe ametulia, kwa maana mtoto anayelia hupumua upesi na hesabu huharibika. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, huyo anapumua upesi kupita kiasi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 mpaka ni mara 50, na kwa mtoto wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5 ni mara 40. Upesi huo, au kifua kubonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, ni ishara ya homa ya mapafu. Basi ile dakika ya kimya si uvivu. Ndiyo kazi yenyewe.

Tatu, mtoto akihara, muuguzi huifinya ngozi ya tumbo lake na kuiachia. Ngozi ya mtoto mzima wa afya hurudi mara moja. Ikikawia zaidi ya sekunde 2, maji yamepungua sana mwilini. Wako watu wanaosema kwamba mtoto anayehara asipewe kinywaji, eti maji huzidisha kuhara. Hilo ni kosa, tena ni kosa la kuua. Mtungi unaovuja haujazwi kwa kunyimwa maji. Mtoto huyo anyonyeshwe zaidi, apewe maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na vidonge vya zinki kama atakavyoagizwa.

Nne, mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa kwa utepe wa rangi. Mzunguko ukiwa chini ya sentimeta 11.5, utapiamlo ni mkali. Lakini muuguzi hubonyeza pia nyayo kwa juu, miguu yote miwili, maana yuko mtoto ambaye uso wake umejaa na mama humdhania kuwa amenenepa, kumbe ni uvimbe wa maji. Kidole kikiacha shimo, huo ni utapiamlo wa hatari. Daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa huo mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, na baadaye akaupa jina la Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuzaliwa ndugu yake.

Mama naye ana sehemu yake. Aje na kitabu cha kliniki, kwa sababu mstari wa uzani usiopanda huonya kabla ya macho kuona. Aseme ugonjwa ulianza siku gani. Aseme bila hofu dawa zote alizompa mtoto, hata za miti shamba, kwa kuwa dawa iliyofichwa humpoteza muuguzi njia. Na akiona dalili ya hatari usiku, asingoje kupambazuke kama njia ya kufika hospitali ipo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dakika moja ya kutazama ndiyo kuziba ufa.