Cheo ni Dhamana: Somo Alilotuachia Mzee Mwinyi

Katika maneno yote yanayotoka vinywani mwa viongozi mambo yanapoharibika, hakuna lililo jepesi kutamkwa kama neno "sikujua". Meneja wa ghala hulisema mahindi yanapopotea, mwalimu mkuu hulisema karo za wanafunzi zisipoonekana, na waziri hulisema watu wanapoumizwa na watumishi walio chini yake. Mara nyingine neno hilo ni la kweli kabisa. Lakini je, ukweli wake wamtosha kiongozi kujiondolea lawama? Katika nchi zetu hizi jirani swali hili lingali hai, na yafaa tulitazame kwa mfano wa mtu aliyelijibu kwa vitendo, yaani Mzee Ali Hassan Mwinyi wa Tanzania, aliyefariki dunia tarehe 29 Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 98.

MWALIMU KABLA YA KUWA WAZIRI

Marehemu Mwinyi alizaliwa mwaka 1925 huko Mkuranga, mkoani Pwani, akalelewa na kusomeshwa Zanzibar. Hakuanzia katika siasa za majukwaani. Alikuwa mwalimu wa shule, kisha mwalimu mkuu, kisha mkuu wa chuo cha ualimu. Kazi hiyo ina mafunzo yake, kwa kuwa mwalimu mkuu huulizwa habari za darasa asilolifundisha yeye, na mzazi wa mtoto aliyeumia hataki kusikia kwamba mwalimu mkuu alikuwa ofisini wakati huo.

Katikati ya miaka ya 1970 Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wakati huo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya wazee waliodhaniwa kuwa wachawi, na serikali ikaendesha msako mkali wa kuwatafuta wauaji. Katika msako huo raia wengi walikamatwa. Baadhi yao waliteswa mikononi mwa watumishi wa vyombo vya usalama, na wengine wakafia mahabusu. Mateso yale Waziri hakuyaamuru. Hata hivyo, Januari 1977 alimwandikia Rais Julius Nyerere barua ya kujiuzulu, naye Rais akaikubali.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Waliokufa mahabusu walikuwa chini ya ulinzi wa wizara yake. Waziri aliona kwamba dhamana ya cheo haipimwi kwa yale aliyoyatenda kwa mkono wake tu, bali hata kwa yale yaliyotendwa kwa jina la ofisi yake. Wanachama wa TANU walikuwa wakiahidi kwamba cheo ni dhamana, na wengi waliyataja maneno hayo pasipo kugharimiwa na kitu. Yeye yalimgharimu uwaziri.

KUANGUKA SI KUFA

Wako wanaodhani kwamba kiongozi akikubali lawama amejichimbia kaburi. Mambo hayakwenda hivyo. Mwinyi alipelekwa Misri kuwa balozi, akaitumikia kazi hiyo kwa utulivu, kisha akarudishwa katika Baraza la Mawaziri. Mapema mwaka 1984, Aboud Jumbe alipojiuzulu, Mwinyi alishika urais wa Zanzibar; na tarehe 5 Novemba 1985 aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hapana shaka kwamba barua ile ya mwaka 1977 ilikuwa imewapa watu sababu ya kumwamini.

Alipoingia Ikulu alikuta maduka matupu, na wananchi wakipanga foleni za sukari, sabuni na nguo. Mwaka 1986 serikali yake ilifikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti mengi ya biashara yakalegezwa. Kwa hiyo wananchi wakambandika jina la Mzee Ruksa.

NUSU YA PILI YA DHAMANA

Haifai, hata hivyo, kumsifu marehemu kwa kuficha upande wa pili. Milango ilipofunguliwa, pamoja na bidhaa iliingia pia rushwa. Machi 1990 Rais aliwataka mawaziri wote wajiuzulu, kisha akaliunda Baraza upya. Lakini tatizo halikwisha, na mwaka 1994 nchi wahisani zilisimamisha misaada kwa sababu ya kodi zilizosamehewa ovyo na zisizokusanywa. Wakosoaji wake, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akiwamo, walisema kwamba serikali ilikuwa imelegea.

Somo hili ni gumu kuliko lile la kwanza. Yawezekana mtu akawa mwepesi wa kubeba lawama yake mwenyewe, na wakati huohuo akawa mzito wa kuwadai wengine hesabu zao. Upole ni tabia njema, lakini mlinzi wa ghala akiwa mpole kwa mwizi, wenye mahindi ndio watakaolala njaa. Dhamana ina nusu mbili: kujibu kwa ajili ya walio chini yako, na kuwafanya nao wajibu. Aliye na nusu moja bado anajifunza uongozi.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, huenda wewe si waziri. Lakini pengine u mwenyekiti wa ushirika, mganga mkuu wa zahanati, au msimamizi wa vibarua kumi. Basi yafaa kuanza na mambo haya. Kwanza, usingoje taarifa ya mezani peke yake. Nenda ghalani, nenda wodini, uone kwa macho yako na kumwuliza aliye mdogo kuliko wote. Pili, usimkaripie anayekuletea habari mbaya, maana ukimkaripia leo, kesho utakuwa wa mwisho kujua. Tatu, kosa likitokea, sema wewe mwanzo, kabla hujamtafuta wa kumtwika. Nne, ukiisha kubeba lako, mdai kila mmoja lake, hata akiwa rafiki au ndugu.

La tano ni kujua kuondoka. Mwinyi alitimiza vipindi vyake viwili, na tarehe 23 Novemba 1995 akamkabidhi Benjamin Mkapa madaraka, kisha akaishi miaka zaidi ya 28 akiwa raia aliyeheshimiwa. Katika eneo letu hili, ambamo viongozi wengi wameondoka madarakani kwa mtutu wa bunduki, jambo hilo si dogo.

Neno "sikujua" litaendelea kutamkwa. Kiongozi anayetaka kukua na alisikie kila linapomjia mdomoni, ajiulize kwanza: je, haikuwa kazi yangu kujua?