Nakala ya Hati Mbele ya Hakimu

Tuseme mkulima wa Kinangop amemwuzia mfanya biashara magunia 40 ya viazi, malipo mwisho wa mwezi. Mnunuzi ametia sahihi yake kwenye hati ya kupokea mzigo. Siku ya pili arudi, amwomba mkulima hati ile akailinganishe na daftari lake. Kwa bahati mkulima alikuwa amekwisha itoa nakala kwa mashine pale sokoni. Mwezi waisha, pesa hapana, wala hati haikurudi.

Je, nakala ile yaweza kumsaidia kortini? Yaweza, lakini haiendi peke yake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1963, yataka hati yenyewe iletwe. Nakala hupokelewa ikiwa kuna sababu: hati imepotea au imeungua pasipo uzembe wa mwenyewe, ama imo mikononi mwa yule anayedaiwa. Hapo ndipo wengi hukwama. Ikiwa hati iko kwa mdaiwa, kwa kawaida yakupasa umpelekee barua mapema, kabla ya siku ya shauri, kumtaka ailete kortini, nawe ujiwekee uthibitisho kwamba barua ilimfika. Asipoileta, ndipo nakala yako hufunguliwa mlango. Aliyeitoa aje pia, aeleze aliitoaje.

Na lile daftari la nyumbani, ambalo mama watoto huandika kila gunia linapotoka? Usilidharau. Likiwa limeandikwa siku kwa siku katika kazi ya kuuza, hakimu aweza kulipokea. Ila daftari pekee halitoshi kumtwika mtu deni. Lazima pawe na ushahidi mwingine wa kulitegemeza, kama vile maneno ya kijana aliyepakia lori. Tena daftari lililojazwa lote usiku mmoja, kwa kalamu moja, ili kwenda nalo kortini, hutambulika upesi.

Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Huko kanuni za ushahidi hazikazwi sana, lakini hata huko utaulizwa karatasi iko wapi.

Basi mavuno yajayo andikeni hati mbili, mnunuzi atie sahihi kwa wino katika zote mbili, kila mmoja ashike yake. Iliyo kwako itakuwa hati yenyewe, si nakala. Akitaka kulinganisha, aje na yake, mlinganishe mezani kwako.