Shilingi 5 za Lunchi: Hakikisha Zimefika

Mzazi wa Nairobi, unaijua ile bendi ya mkononi ya mtoto? Tangu 2023, mpango wa Dishi na County unalisha wanafunzi wa shule za umma kwa shilingi 5 kwa sahani; gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na shirika la Food4Education. Unaweka pesa kwa simu, mtoto anagusisha bendi kwenye mashine, salio linakatwa, anakula. Hakuna sarafu ya kupotea njiani wala kuishia kwa mandazi (tunawajua hawa watoto!).

Lakini ukituma kwa namba isiyo sahihi, salio la mtoto halisogei, na ni yeye anaweza kuaibika kwenye foleni. Kwa hivyo, namba ya malipo ichukue shuleni kwenyewe, si kwa meseji iliyozungushwa kwenye grupu ya wazazi. Soma jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo. Sisi tungelipa ya wiki nzima Jumapili jioni, shilingi 25 kwa kila mtoto, kuliko kukimbizana na simu asubuhi. Na mtu akipiga akidai bendi “imefungwa”, umpe PIN aifungue? Kata simu, kisha muulize mwalimu wa darasa.