Mwili wa Dereva wa Lori: Anza Kuutayarisha Ukiwa Hapa Dzaleka

Leo tunazungumza na wewe unayewaza kazi ya lori. Labda una ndugu aliyehamishiwa Marekani au Kanada, anakutumia picha akiwa kwenye usukani. Labda wewe mwenyewe ulikuwa utingo Lilongwe kabla ya 2023, mwaka ambao serikali iliagiza wakimbizi warudi kambini. Vikwazo unavijua. Malawi inambana mkimbizi kwenye ajira na kwenye kutembea, na safari za kuhamia Marekani zilisimamishwa Januari 2025. Kwa hiyo hatukuahidi kazi. Tunataka kusema juu ya kitu ambacho unaweza kukianza leo bila kibali cha mtu, nacho ni mwili wako.

Vijana wengi wakisikia lori wanawaza nguvu. Anasema, mimi nabeba mfuko wa simenti wa kilo 50, nitashindwa nini? Nguvu ni nzuri, hasa kwa utingo. Lakini kinachowatoa watu kwenye usukani mara nyingi ni vitu visivyoonekana: presha, macho, sukari na usingizi.

Tuchukue mfano wa Marekani, maana sheria zake ziko wazi. Huko dereva wa lori la biashara lazima apimwe na mtaalamu wa afya, na cheti hakizidi miaka 2. Presha ikiwa chini ya 140 kwa 90, unaweza kupata cheti cha miaka 2 kamili. Ikipanda hadi 160 kwa 100, unaweza kupewa miezi 3 tu ya kuishusha. Ikifika 180 kwa 110, huendeshi mpaka ishuke. Sasa fikiria mtu aliyekopa ada ya chuo cha udereva, akajifunza wiki nzima kurudisha trela nyuma, halafu mashine ya presha ndiyo inamwambia subiri. Deni lenyewe halisubiri.

Macho nayo yanapimwa. Kila jicho linatakiwa lione vizuri, na miwani inaruhusiwa. Lazima utambue rangi nyekundu, kijani na njano. Sikio linatakiwa lisikie mnong'ono kwa umbali wa mita moja na nusu hivi, na kifaa cha kusikia kinaruhusiwa. Mkojo unaangaliwa sukari na protini. Kuna tena kipimo kingine cha mkojo, cha dawa za kulevya. Wewe unayesema chamba ni kitu kidogo, elewa kwamba hicho kidogo kinafunga mlango huo.

Kuwa na kisukari au presha peke yake hakumaanishi kazi imekwisha. Madereva wengi wanaendesha huku wanatumia dawa kama walivyoelekezwa. Anayepata shida ni yule asiyejua anaumwa, au aliyeacha vidonge kwa sababu alijisikia vizuri.

Haya, tuje kwenye kukaa. Sheria ya Marekani inaruhusu saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 za zamu. Huku kwetu, lori la mafuta linatoka Dar es Salaam, linapita Mbeya na mpaka wa Kasumulu, halafu Karonga na Mzuzu, ndipo lifike Lilongwe. Siku zote hizo mgongo unatikiswa, miguu imekunjwa, damu inatembea taratibu. Chakula ni chipsi za barabarani na soda. Wengine hawanywi maji wasije wakasimama kukojoa, na hapo figo zinaumia. Ndiyo maana ukiwa hapa kambini, zoea kutembea haraka nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Chuchumaa na kusimama mara 10, pumzika, rudia. Ule mwendo wa kwenda bombani unahesabika, ila gawa maji kwenye madumu mawili madogo, mkono huu na huu, kuliko kuning'iniza lita 20 upande mmoja. Na punguza chumvi kwenye mboga. Najua bila chumvi nsima haishuki, nimesema punguza.

Jambo moja madereva wapya hulipuuza ni kushuka. Ukiruka kutoka kwenye kabini kila kituo, magoti yanalipa baada ya miaka. Shuka ukiangalia gari, kama unavyoshuka ngazi: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika muda wote. Na ukishaendesha saa nyingi, usikimbilie mzigo. Tembea dakika chache kwanza, mgongo ujinyooshe.

Usingizi je? Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ukisinzia sekunde 3, lori limekwenda karibu mita 67 bila dereva. Kufungua dirisha, muziki mkubwa, mirungi, hakuna kinachochukua nafasi ya kulala. Egesha mahali salama, lala dakika 20. Kama unakoroma sana, na mwenzako anasema pumzi yako hukatika usiku, mwambie daktari. Ugonjwa huo unatibika, na ndio unaowafanya wengine wasinzie mchana.

Wiki hii fanya hivi. Nenda kituo cha afya, omba kupimwa presha hata kama huumwi. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara. Kojoa kwanza. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Usiongee wakati mashine inakaza. Wakikutajia namba, usikubali kuambiwa "iko sawa" tu. Omba waiandike kwenye kitabu chako cha afya, pamoja na tarehe, na mwezi ujao urudi upime tena.