Fahamu: Bega lilipokwama na haki ya mama kuambiwa

Mwaka 1999, huko Scotland, Nadine Montgomery, mama mfupi mwenye kisukari, alikuwa na mimba ya mtoto mkubwa. Kwa mjamzito mwenye kisukari, uwezekano wa bega la mtoto kukwama kwenye mfupa wa kinena ni asilimia 9 hadi 10. Daktari hakumwambia, akiamini wakiambiwa, wanawake wengi wangeomba kujifungua kwa upasuaji. Kichwa kikatoka, bega likakwama. Dakika 12 zikapita. Mtoto akakosa hewa, akapata ulemavu wa ubongo.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa Nadine ushindi katika kesi yake: daktari lazima amweleze mgonjwa hatari zenye uzito kwake na njia mbadala. Ni haki kabisa. Mwili ni wake. Majaji waliona kwamba Nadine angeambiwa, angechagua upasuaji.