Mama mpakani, mtoto nyumbani: anakula nini?

Siku ambazo mpaka uko wazi, foleni ya Petite Barrière mjini Gisenyi hujaa mapema. Akina mama hupanga mstari na nyanya, kabichi na sambaza wanazokwenda kuuza Goma. Wengi wao wana watoto wanaonyonya.

Kwa miaka mingi mama wa hapa alikuwa na njia mbili: kumvusha mtoto mgongoni kwenye jua na vumbi la Birere, au kumwachia dada yake mdogo kando ya njia. Baadaye marerero yalifunguliwa karibu na mpaka, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini si kila mtoto yuko huko, na aliyebaki na dada yake akilia hutulizwa kwa kinachopatikana dukani: biskuti, juisi ya pakiti au fanta kidogo kwenye kikombe.

Utafiti wa taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2019-20 ulionyesha kuwa watoto 81 kati ya 100 wenye umri chini ya miezi sita walinyonya maziwa ya mama tu. Mwaka 2014-15 walikuwa 87. Utafiti huo wa 2019-20 ulikuta pia kuwa watoto 33 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Msomaji atauliza: ikiwa watoto wanadumaa, kwa nini tuzungumzie unene? Kwa sababu mambo haya mawili hutoka chungu kimoja. Mtoto anayeshibishwa sukari na unga mweupe hapati vya kujenga mwili, kwa hiyo harefuki. Na aliyedumaa utotoni yumo katika hatari ya kunenepa kupita kiasi baadaye, pamoja na kisukari na shinikizo la damu. Hivyo ukienda kumpima, usiridhike na mizani peke yake. Omba apimwe na urefu.

Kwetu mtoto mnene husifiwa. Waliorejea kutoka Uganda, Tanzania au Masisi wote wanaijua sifa hiyo, na mama mwenye mtoto mwembamba huonewa huruma sokoni. Ndipo wengine hukimbilia maziwa ya kopo. Mtoto anayenyonya huacha titi mwenyewe akishiba. Mwenye chupa husukumwa aimalize. Mwingine huzidisha unga ili mtoto anenepe, mwingine hupunguza ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Wote wawili wanamdhuru, na maji yasiyochemshwa huongeza kuhara.

Je, mfanyabiashara afanye nini? Amnyonyeshe alfajiri kabla ya kutoka, kisha anawe mikono na kukamua maziwa katika chombo safi chenye kifuniko. Maziwa hayo hukaa saa nne mahali penye ubaridi bila kuharibika. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe, si chupa. Akiwa Goma mama akamue tena matiti yakijaa, maana titi lisilokamuliwa hupunguza maziwa. Usiku amnyonyeshe kila anapotaka.

Baada ya miezi sita huongezwa chakula, na kunyonya huendelea hadi miaka miwili au zaidi. Hapa Rubavu hatuna haja ya kutafuta mbali. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hukaushwa, husagwa na kutiwa katika uji mzito wa sosoma. Ongeza parachichi lililopondwa, mboga za majani na yai likipatikana. Sukari haihitajiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linasema vinywaji vyenye sukari asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Inachekesha kidogo: beseni la sambaza linavuka kwenda Goma, na jioni mama anarudi na pakiti ya biskuti kwa ajili ya mtoto. Konzi moja ya zile sambaza ingebaki nyumbani asubuhi ile, mtoto angekuwa ameshakula.